Kutoka Kutoa Hadi Kutoza

Hotuba hii niliitoa mbele ya viongozi wa asasi na vikundi vya mitaa jijini Dar es Salaam. Mvua iliwazuia wengi wenu kufika, kwa hiyo naiweka hapa yote kama nilivyoisema.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Nanyi ndugu zangu mliokanyaga tope la leo mpaka mkafika, habari za asubuhi?

Nianze na swali la binti mmoja anayeongoza kikundi cha usafi mtaani kwao. Ana vijana kumi na wawili, mikokoteni mitatu, na daftari la kaya zinazolipia taka. Diwani wao amemwambia kuna nafasi halmashauri, aombe. Akanijia mnyonge kabisa. "Mwalimu," akasema, "nikienda kule, si nitakuwa nimewasaliti watu wangu?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia anipe muda, kwa sababu swali lake ni la kwetu sote. Ni wangapi humu ndani tumewahi kuambiwa, "Ninyi mnajua shida za watu, ingieni basi serikalini"? Na ni wangapi tumekataa haraka haraka, tukijiona tumebaki safi?

Leo nataka kumjibu mbele yenu. Nitapita njia ndefu kidogo, mpaka Afrika Magharibi, mpaka Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone. Nitawaeleza habari za mama mmoja, Yvonne Aki-Sawyerr, aliyeanza kwa kuchangisha fedha za kusaidia watoto na leo ndiye Meya wa jiji lile. Nimemchagua yeye kwa sababu njia yake inaonyesha wazi jambo ambalo sisi watu wa asasi hatupendi kulitazama usoni. Asasi kazi yake ni kutoa. Jiji kazi yake ni kutoa, na pia kutoza. Tofauti ni herufi moja tu, lakini ndiyo inayotushinda.

Freetown ni mji wenye historia nzito. Mwaka 1792 watu weusi waliotoka katika utumwa kule Amerika walivuka bahari wakashuka pale, wakauita Mji Huru. Inasimuliwa kwamba waliposhuka walikusanyika chini ya mti mkubwa wa msufi wakaomba Mungu. Mti huo ulisimama katikati ya mji miaka yote. Ukumbukeni, nitaurudia.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliikumba nchi ile kuanzia 1991 hadi 2002. Tarehe 6 Januari 1999 waasi waliingia Freetown kwenyewe. Nyumba zilichomwa, watu walikatwa mikono, hata watoto. Yvonne wakati huo alikuwa London, mhasibu aliyesoma, mwenye kazi nzuri katika mambo ya fedha. Angeweza kutazama habari kwenye televisheni, akalia, akazima. Yeye na wenzake wakaanzisha mfuko wa kuwasaidia watoto walioathiriwa na vita, Sierra Leone War Trust. Wakawa wanachangisha kule London, wanapeleka kule nyumbani.

Hapo ndipo tulipo sisi. Hiyo ndiyo kazi tunayoijua. Na sitaki mtu yeyote atoke hapa akisema nimeidharau, maana mtoto aliyelipiwa shule hajali fedha zilitoka mfuko gani.

Lakini hebu tuwe wakweli. Nguvu ya asasi ni nini? Ni kuchagua. Asasi inachagua kata, inachagua walengwa, inachagua tatizo. Ikishindwa, inaandika ripoti ya robo mwaka na kuomba muda uongezwe.

Niliongoza kikundi kidogo karibu na bonde la Msimbazi kwa miaka tisa. Mwaka mmoja tulipata fedha za sare na madaftari ya watoto 60. Tukaandikisha kwa siku mbili, chini ya mwembe, na mwenyekiti wa mtaa akiwa shahidi. Jina la 60 lilipoandikwa nikafunga daftari. Akaja bibi mmoja kashika mkono wa mjukuu wake, kachelewa kwa sababu alikuwa anauza vitumbua asubuhi ile. Nikamwambia, "Bibi, nafasi zimejaa." Hakugomba. Alisema tu, "Haya, mwanangu, na iwe heri," akaondoka. Yule bibi hajanitoka moyoni mpaka leo. Mfadhili aliridhika, ripoti ilikuwa safi, watoto 60 walivaa sare. Na yule wa 61?

Jiji halina ruhusa ya kufunga daftari. Hilo ndilo la kwanza. Mkazi wa 61 ni wako, na wa laki sita ni wako, na yule anayekutukana redioni ni wako, na yule aliyempigia kura mpinzani wako ni wako vilevile. Taka zake utazoa.

Turudi Freetown. Mwaka 2014 Ebola iliingia Sierra Leone. Mnakumbuka hofu ya wakati ule, hata sisi huku tulianza kusalimiana kwa mbali. Yvonne aliacha kazi yake London akarudi nyumbani, akawa mkurugenzi wa mipango katika kituo cha taifa cha kupambana na Ebola.

Mkurugenzi wa mipango. Cheo hicho hakina wimbo wala picha nzuri. Lakini tafakarini nami. Kaya ikipata mgonjwa, waliobaki walitakiwa kukaa ndani siku 21. Ishirini na moja! Mama anayekula kwa alichouza leo, akae ndani wiki tatu. Nani atamletea maji? Nani atamletea mchele, na kuni za kuupikia? Asipoletewa, siku ya tatu atatoka, na akitoka, ugonjwa umetoka naye. Kulikuwa na namba ya simu, 117, ya kuripoti mgonjwa au kifo. Kuitangaza namba ni rahisi, utachora bango, utatunga wimbo. Lakini simu ikilia, upande wa pili lazima pawe na gari, na gari liwe na mafuta, na dereva awe amelipwa, na wazikaji wawe na mavazi ya kinga, na kituo kiwe na kitanda. Kimoja kikikosekana, namba yote ni bure.

Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya. Kuhesabu vitanda, kuhesabu magari, kuuliza kila jioni nini kimekwama na nani anakikwamua. Sierra Leone ilitangazwa kuwa haina Ebola tarehe 7 Novemba 2015. Karibu watu 4,000 walikuwa wamekufa. Baada ya hapo aliongoza timu ya Rais iliyosimamia utekelezaji wa mpango wa nchi kuinuka tena.

Nasema haya kwa sababu wengi wetu tunadhani tukienda serikalini tutapeleka huruma. Huruma ipelekeni, hakuna ubaya. Lakini kilichohitajika Freetown kilikuwa mtu mwenye huruma anayejua pia kuhesabu lita za mafuta.

Halafu ukaja Agosti 2017. Asubuhi ya tarehe 14, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima iliporomoka eneo la Regent, juu ya mji. Watu zaidi ya 1,000 walikufa au hawakuonekana tena. Milima ile ilikuwa imekatwa miti, nyumba zimejengwa mpaka kwenye makorongo. Sisi tunaoishi na Jangwani yetu, inayofurika mvua zikizidi, hatuhitaji kuelezwa sana namna maji yanavyorudi kudai njia yao.

Mwaka uliofuata, 2018, aligombea umeya akashinda kwa karibu asilimia 60 ya kura. Hakuwa mwanamke wa kwanza kuwa meya wa Freetown. Wa kwanza alikuwa Constance Cummings-John, mwaka 1966. Zaidi ya miaka hamsini kati ya huyo wa kwanza na yeye, mama zangu.

Sasa tufike kwenye shina la maneno yangu. Ameingia ofisini. Ana mpango, unaitwa Transform Freetown, wenye sekta 11 na malengo 19, uliotungwa baada ya kukaa na maelfu ya wakazi katika kata zote 48. Mpango mzuri. Fedha ziko wapi?

Angekuwa bado kwenye asasi, jibu tunalijua. Unaandika andiko la mradi, unatafuta mfadhili. Na kweli wafadhili aliwatafuta, na aliwapata. Lakini jiji linaloishi kwa wafadhili peke yao litaishi kama mtoto wa kufikia, kila siku linatazama uso wa mwenye nyumba kujua kama leo kuna chakula. Jiji lazima lile jasho lake. Na jasho la jiji ni kodi.

Kodi ya majengo ya Freetown ilikuwaje? Walikuwa wanakadiria kwa ukubwa wa jengo, si kwa thamani yake. Kwa hiyo nyumba ya mabati ya bondeni na jumba la kilimani lenye bahari mbele yake, vikilingana upana, vinatozwa kodi inayokaribiana. Na daftari la jiji lilikuwa na majengo kama 57,000 tu, huku mji ukiwa umepanda milima yote inayouzunguka. Nusu ya mji haikuwa kwenye kitabu.

Wakafanya hivi. Walichukua picha za setilaiti, wakahesabu mapaa. Kisha vijana wakapita mitaani wakiandika kila jengo likoje, kuta zake, paa lake, madirisha yake, lipo mtaa gani, barabara inafika au haifiki. Kila sifa ikapewa alama, na jumla ya alama ndiyo inayokadiria thamani. Mwananchi anaweza kuuliza, "Kwa nini mimi nimeandikiwa hivi?" akajibiwa kwa kitu anachokiona kwa macho. Daftari likapanda mpaka majengo kama 120,000. Na matokeo yalikuwa hivi: kwa asilimia 20 ya wenye majengo ya thamani ya chini kabisa, kodi ilipungua kwa karibu nusu. Kwa asilimia 20 ya juu, iliongezeka zaidi ya mara tatu.

Zaidi ya mara tatu! Mnadhani wenye majumba walipiga makofi?

Hapo ndipo kutoza kunapouma, na hilo ndilo la pili. Ukigawa sare 60 hakuna atakayekuchukia, ila yule wa 61 atasononeka kimya kimya. Ukipeleka hati ya kodi kwa mtu mzito, mwenye namba za simu za watu wazito, utajua rafiki zako ni akina nani. Mwaka 2020 wizara inayosimamia serikali za mitaa ilisimamisha mfumo ule kwa muda, wakati jiji ndiyo kwanza linaanza kukusanya, na tena ni mwaka wa korona. Meya alikuwa wa chama cha upinzani. Mkae na hilo. Mpango umekamilika, hati zimechapwa, na unaambiwa subiri.

Alisubiri, akabishana, akaendelea. Mfumo ulirudi.

Naomba nisimame hapa kidogo, kwa sababu sisi huku tunaijua kodi hii. Tangu 2021 tunailipa kupitia LUKU. Ukinunua umeme inakatwa, ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, baadaye ikawa 1,500. Urahisi wake nauona, hakuna foleni, hakuna anayekwepa kwa urahisi. Lakini nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa inakatwa kiasi kilekile, iwe Masaki au iwe Tandale. Freetown waliuliza swali jingine: nani abebe zaidi? Mimi naamini hilo ni swali la watu wa asasi hasa. Nani anayejua kuliko ninyi ni nyumba ipi ya mjane, ipi ya mpangaji, ipi ya mtu mwenye nyumba sita? Ujuzi huo mmeukusanya miaka mingi mkiwa mnatoa. Umewahi kuombwa na mtu yeyote anayepanga kutoza? Na mngeombwa ninyi wenyewe, mngekubali kukaa kwenye kiti cha kutoza?

La tatu nitalisema kwa miti.

Hapa ukumbini, nani hajawahi kupanda mti siku ya mazingira? Wote tumepanda. Fulana zimechapwa, mgeni rasmi amekuja, mche umeingia shimoni, picha zimepigwa. Tukarudi baada ya miezi mitatu tukakuta nini? Mbuzi wameshakula. Andiko liliahidi "kupanda miti 500", nasi tulipanda 500. Hatukusema uongo. Lakini kivuli hakuna.

Freetown, baada ya maporomoko yale, ilikusudia miti milioni 1. Walicheza na jina la mji wenyewe, wakauita mradi Freetown the Treetown, Freetown mji wa miti. Kilichonigusa mimi ni namna walivyolipa. Kila mche uliandikishwa kwenye simu, una namba yake na mahali pake kwenye ramani. Kijana au mama wa mtaani anayeutunza anarudi, anaupiga picha, anathibitisha kwamba uko hai, ndipo analipwa kwa simu. Hawakulipia kupanda peke yake. Walilipia mti kuishi. Taarifa za mradi zilionyesha kwamba katika awamu za mwanzo zaidi ya asilimia 80 ya miche ilipona.

Mnauona mkono wa mhasibu hapo? Mnauona pia mkono wa mtu wa asasi, anayejua kwamba bila kumlipa anayemwagilia, mti ni wa picha? Hivyo viwili vilikutana ndani ya mtu mmoja, na ndiyo maana nasema njia yake haikukatika alipoingia ofisini. Alikwenda na vyote alivyovijua. Hata usafi aliuanzia palepale binti yetu alipo. Vikundi vya vijana vilipewa pikipiki za miguu mitatu, hizi tunazoziita guta, wakazoa taka nyumba kwa nyumba na kulipwa na kaya wanazozihudumia. Na jua lilipozidi, 2021 jiji lilimteua Eugenia Kargbo kuwa afisa mkuu wa masuala ya joto, wa kwanza Afrika, na akina mama wa sokoni wakawekewa mapaa ya kivuli katika masoko matatu. Mama anayeuza nyanya juani kutwa anaijua thamani ya kivuli kuliko profesa yeyote.

Sasa ule msufi. Tarehe 24 Mei 2023, usiku wa dhoruba, mti ule wa karne nyingi ulianguka. Jiji linalopanda miti milioni 1 likapoteza mti wake mmoja uliobeba jina lake. Watu walilia barabarani. Uchaguzi ulikuwa umebaki mwezi mmoja kamili, tarehe 24 Juni. Alichaguliwa tena.

Lakini sitaki mtoke hapa mkidhani nimewaletea malaika. Zipo kazi ambazo hakuziweza, na nyingine hakuwa na mamlaka nazo. Vibali vya ujenzi na mipango ya ardhi haviko mikononi mwa jiji lake, viko serikali kuu. Yaani nyumba ikijengwa kwenye korongo, kibali hakikutoka kwake. Nyumba ile ikisombwa na maji, wanaoletwa mlangoni pake ni wafiwa. Machi 2021 moto uliteketeza Susan's Bay, makazi ya mabati kando ya bahari, maelfu wakabaki bila paa. Novemba mwaka huohuo lori la mafuta lililipuka eneo la Wellington, watu zaidi ya 100 wakafa. Meya anafika, anasimama kwenye majivu, na watu wanamtazama yeye. Hawaulizi sheria inasemaje kuhusu mgawanyo wa madaraka. Wanauliza, "Mama, tulale wapi leo?"

Kwenye asasi ningeweza kusema, "Hilo haliko kwenye mradi wetu." Nimelisema mara nyingi, na ninyi mmelisema. Mtu wa jiji hana sentensi hiyo.

Kwa hiyo, binti yangu, najua umekaa pale karibu na dirisha. Uliniuliza kama utakuwa umewasaliti. Hapana. Omba nafasi ile. Lakini nenda ukijua unakwenda wapi. Unakwenda mahali ambapo watu wako wa leo watakuja kukuuliza kwa nini ushuru umepanda, na utawajibu ukiwatazama machoni, kwa hesabu wanayoweza kuikagua. Chukua daftari lako la kaya, usiliache kwa kikundi, nakili uende nalo. Ndani yake mmeandika nani hawezi kulipa na nani anajifanya hawezi. Hakuna faili la halmashauri lenye maneno hayo. Na sisi tunaobaki nje tutakuja kwenye vikao vya bajeti, tutakaa viti vya mbele, tutakuuliza kwa ukali uleule ambao wewe ulikuwa unawauliza wengine.

Yule bibi wa vitumbua nilimtafuta baadaye. Mjukuu wake aliishia darasa la sita. Nimelisema hili kwa sauti leo kwa mara ya kwanza.

Nanyamaza hapa, tujadiliane. Namwona mama pale nyuma, ameinua mkono tangu nilipotaja kodi na hajaushusha. Mpeni kipaza sauti. Karibu, mama, tuanze na wewe.